Mkanda wa Ncha Sita

Jumapili iliyopita, kwenye kona ya tisa,
niliendesha gari kwa magoti.
La kushoto limeusukuma mlango,
la kulia limejigandamiza kwenye gia,
na mikono, badala ya kuuongoza usukani,
iliung'ang'ania
kama asiyejua kuogelea aliyeshika ukingo.
Koni mbili zikalala chali.
Kila koni ni sekunde mbili. Hesabu si ngumu.

Uwanja wetu ni njia ya ndege iliyosahauliwa,
saruji yenye nyufa, nyasi katika nyufa,
mwendo wa nusu saa kutoka Saskatoon,
na upepo usiokuta kitu cha kuuzuia.
Hapo tunapanga koni, tunashindana na saa.
Bi Ardith Kowalchuk, miaka sitini na saba,
mwalimu mstaafu wa hesabu,
alinishinda huku akimung'unya peremende.

Basi nikaenda kwa Bohdan, nyuma ya ghala la ngano.
Akanitandazia mikanda mezani kama muuza vitambaa:
huu wa ncha nne, huu wa tano, huu wa sita,
mwekundu, wa buluu, mweusi usioonyesha grisi.
"Wa nne uache," akasema. "Ukikaza mabega
wa kiuno unapanda tumboni,
na siku ya kugonga utateleza chini yake kama sabuni."
Wa sita una kamba za mapajani;
hizo huushikilia mkanda kwenye mifupa, mahali pake.
Akanionyesha kitambaa kilichoshonwa pembeni:
tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kufa.
Sikujua kwamba utepe huzeeka.
"Jua huula," alisema, "hata ukiwa umekaa bure."

Nikanunua mwekundu.

Jumatano nikaenda nao kazini.
Mabega yamebanwa, kiuno kimebanwa,
nimetulia kama msumari ndani ya mbao.
Kwenye reli, nguzo ya kioo ikaziba upande wa kushoto.
Hapo mtu hujiinamisha kidogo, akachungulia.
Nikainama.
Sikuinama.
Mwili ulitaka, mkanda ukakataa.
Nikashusha vioo, nikasikiliza,
mpaka treni ya ngano ikapita,
mabehewa mia na kumi na mawili.
Niliyahesabu. Sikuwa na kingine cha kufanya.

Jioni Marusia akaketi kiti cha pembeni,
akavuta mkanda wake wa zamani, tak.
"Tukipinduka," akauliza, "paa likishuka,
mimi nitalala upande. Wewe utalala wapi?"

Gari langu halina nguzo za kinga.
Ni bati la mwaka tisini na mbili,
kutu imeanza juu ya magurudumu ya nyuma.
Mkanda ule ungenishika wima, kwa utiifu,
ukiningojeshea paa.

Ndiyo, ningeweza kuweka nguzo.
Lakini nguzo nyuma ya kichwa kisicho na kofia ngumu
ni nyundo. Nguzo inataka kiti kipya,
kiti kinataka matundu ya kamba,
na mwishowe gari la kwenda kununua maziwa
halipo tena, lipo la Jumapili tu.

Nikaurudisha.
Bohdan alihesabu noti, akabakiza ya kahawa,
kisha akanifundisha bila malipo:
sogeza kiti nyuma,
uvute mkanda wa kiwandani kwa ghafla, ukakamae,
uushike hapo hapo,
kisha kirudishe kiti mbele
mpaka pumzi iujue mpaka wake.

Leo magoti yamepumzika.
Mikono imekumbuka kazi yake.
Koni zote zimesimama.
Ardith amenishinda tena, kwa sehemu tatu katika kumi za sekunde,
akanipa peremende.

Njiani kurudi, nikauacha mkanda ulegee.
Kwenye reli nikainama mbele,
nikatazama kushoto, nikatazama kulia.
Ngano tu, hadi macho yalipokoma.