Sifuri Saba

Kwanza kikombe cheusi. Matone matatu ya kila chuchu,
chini ya tochi, kabla ya ndoo.
Nilifundishwa hivyo, na hivyo nimefanya
isipokuwa wiki ile ya msiba wa mama mkwe,
nilipokamua mbiombio, kanga ya kilio kiunoni,
mikono haijaona maji ya moto,
na maranda ya kulalia sikuyabadilisha.

Leo kikombe kimenisema.
Robo ya nyuma, kulia: mabonge,
kama uji uliokorogwa na mtoto,
na majimaji ya rangi ya chai ya jana.
Kiwele kinachoma. Nilipokigusa, Deni aliinua mguu.
Hakupiga. Aliuinua tu, akaushikilia hewani
kama mtu anayetaka kusema neno kikaoni
kisha akalimeza.

Anaitwa Deni kwa sababu alikuja kwa mkopo wa ndama:
mtamba wake wa kwanza si wetu,
ni wa Subilaga, ng'ambo ya Kiwira.
Uzao wa kwanza ukawa dume.
Subilaga ameshapanda matete yake, yamempita kimo,
na kila Jumapili nje ya kanisa ananiuliza,
"Hajambo wetu?"

Ambakisye alifika na pikipiki, tope hadi magotini.
Akaikamua robo ile hadi ikakauka, akasukuma dawa ndani,
na kwa kuwa karatasi zake zililowa
akaniandikia kiganjani: *dawa siku tatu, kisha nne.*
"Yote yamwagwe. Hata ya chuchu tatu nzima.
Dawa haijui mipaka ya robo."

Usiku Gwakisa alikalia ndoo tupu, akapiga hesabu.
Lita kumi na mbili, mara saba.
Pumba. Mashudu. Sare ya Lusajo.
"Kituoni wanapima maji, wanapima uchachu.
Dawa hawaioni.
Ndoo moja ndani ya tangi la kijiji kizima?"
Hakusema kwa ubaya. Alisema
kama mtu anayeuliza iwapo mvua itakatika.

Nikabeba ndoo hadi migombani.
Udongo wa Rungwe umeshiba mvua, haunywi upesi;
maziwa yalikaa juu yake, meupe gizani,
yananitazama.
Paka akaja. Nikamfukuza. Akarudi.
Nikamfukuza tena, nikalia,
si kwa ajili ya paka.

Asubuhi nilikwenda kituoni mikono mitupu.
Karani akaninyanyulia macho: "Huna kitu?"
"Sina."
Akachora sifuri, taratibu, kama anayechora yai.
Nyuma yangu madumu yaligongana, mtu akakohoa.
Siku ya tatu hakuuliza tena.
Siku ya nne ilikuwa Alhamisi,
siku ya kikombe cha maziwa kwa watoto wa darasa la kwanza,
maziwa ya tangi lile lile,
na Lusajo alirudi nyumbani na masharubu meupe
aliyokataa kufutwa.
Gwakisa alimtazama muda mrefu.
Kisha akachukua koleo, akaenda kukwangua banda.

Sasa sakafu ni kavu. Maranda mapya yananukia mbao.
Kitambaa cha Deni ni cha Deni peke yake.
Matete nampa baada ya kukamua, si kabla,
asimame akila, asilale haraka,
mlango wa chuchu upate kujifunga.
Mambo madogo. Niliyajua yote
hata wiki ile ya msiba.

Siku ya nane, ukungu mlangoni.
Kikombe cheusi. Matone matatu.
Nikaangalia. Nikaangalia tena.
Nikamwita Gwakisa alete tochi yake,
maana yangu siiamini.
Deni aliinua mguu,
akaushusha,
akaendelea kucheua.