Kura Katika Kofia ya Eleuterio

Shamba limelalia ubavu, juu ya Ilave.
Chini, sakitu huuma viazi kabla ya alfajiri;
juu, mawe hutunza ujoto kidogo wa jana.
Eleuterio anayajua haya kwa nyayo zake.
“Mbegu yako mpya iweke juu,” aliniambia.
“Si unataka ifaulu?”

Nilitaka. Hapo ndipo penye hatari.

Nikaukata mteremko mikanda sita,
kila mkanda na baridi yake,
na katika kila mkanda vipande vinne:
mbegu mpya tatu, na ile ya mama yangu,
nyeusi, yenye makunyanzi, isiyo na cheti,
maana mshindi asiye na mshindani ni mpita njia tu.
Kisha nikaomba kofia.
Aliivua shingo upande.
Vikaratasi vinne, mkono ndani, macho kwingine,
mara sita.
“Bahati nasibu!” akacheka. “Na serikali inakulipa?”

Siku ile nilimjibu ovyo. Leo ningemwambia:
mkono wangu hauniagi unapokwenda kupendelea.
Kofia haina shangazi, haina deni.
Na kipande kimoja ni uvumi;
huenda chini yake palikuwa na zizi zamani.
Sita ni mashahidi, na mashahidi hubishana.

Machi, alpaka walivunja uzio
wakala nusu ya mkanda wa tatu.
Nikaandika: vimeliwa. Sikupanda upya.

Mei, Nayda alipima magunia.
Yalikuwa na namba tu,
nami nilikaa nyuma ya gari nisimwone akisoma,
wala yeye asinione uso.

Mbegu ya pili iliongoza. Kidogo.
Ilishinda mikanda mitatu, ikashindwa miwili,
na ushahidi wa sita umo tumboni mwa alpaka.
Kutoka Puno wakaandika, kwa upole mwingi:
je, tukiuacha ule mkanda wa chini kabisa?
Nikafungua daftari la Oktoba.
Mwandiko wangu, kabla sijawa na wa kumfurahisha:
*Mikanda yote itahesabiwa.*

“Basi nipande ipi?” Eleuterio aliuliza.
Sijui, nilimwambia. Bado.
Niazime shamba mwaka mwingine.

Alikung’uta vumbi la kofia, akaivaa
mpaka kwenye nyusi.
“Shamba, sawa,” akasema.
“Kofia, uje na yako.”