Mdila wa Barka

Leo asubuhi nimeusugua kwa ndimu na majivu,
mdila wa shaba ambao tangu niupate akili
haujamimina kahawa.
Ndilo kombe letu. Mwaka wa kwanza hela za kombe hazikupatikana,
timu nne, uwanja wa changarawe nyuma ya shule,
mama akautazama mdila wake mkubwa, akautoa,
akasema: mtanirudishia.
Haukurudi.

Magongo yalikuja masandukuni,
yamevingirishwa kanga yasigongane,
matatu ya Unguja, moja la Mombasa, lenye ufa.
Mengine tulichonga huku huku, ya mkunazi,
tawi likitokota ndani ya pipa la mafuta
hadi likubali kupinda.
Baba alisomesha hesabu. Alipima kila gongo kwa rula
akaandika urefu wake daftarini,
kama kwamba nalo litaitwa jina asubuhi.

Umri ndio uliomshinda kupima.
Pasi mpya zilitaka tarehe, na tarehe tumeziacha ng'ambo,
basi mtaa mzima tukazaliwa Januari mosi.
Kanuni ilisema, wasiozidi kumi na saba.
Marefa wakafunua midomo kama wanunuzi wa mbuzi,
wakahesabu magego, wakakagua masharubu.
Kaka yangu Ghalibu alinyoa alfajiri.
Adhuhuri akanyoa tena.

Fainali na Saham. Jua la kuyeyusha kandambili.
Golini kwao Shahdadi, Mbalushi, mwembamba kama ukuti,
Kiswahili chake chote ni cha uwanjani:
lete, acha, nyuma yako, mama yangu.
Dakika za mwisho Ghalibu akaupiga wa hewani.
Mpira ulipita mdomoni mwa Shahdadi
kabla ya kufika wavuni.
Jino lilitafutwa kwenye changarawe mpaka giza.
Bao likahesabiwa.

Usiku ule baba alichonga BARKA ubavuni mwa mdila,
kwa msumari, herufi nzuri za mwalimu.
Watu walipolala nikasikia tupa.
Krr. Krr.
Nilikuwa na miaka tisa, tisa ya kweli,
nikamwona amekaa kizingitini,
mdila mapajani kama mtoto anayenyolewa.
Hakusema kitu.
Ila siku Ghalibu alipozaliwa, ni yeye aliyemkimbilia mkunga,
mvua ya vuli, Novemba, ishirini na sita,
na kutoka pale mpaka filimbi ni miaka kumi na tisa,
na hesabu haina mwana.

Yaliyofuata yapo, yasomeni wenyewe ubavuni:
Suwaiq mara mbili, Sohar mara nne mfululizo (tulichoka nao),
mwaka wa tufani wadi lilipobeba magoli yote mawili
tukacheza viatu vikiwa nguzo.
Sasa kuna nyasi za plastiki na taa nyeupe kama hospitali.
Watoto wanagombana kwa Kiarabu,
lakini mpira ukiwa mbali, gongo tupu mkononi,
bado utasikia: lete! lete!
Na hawajui wameitoa wapi.

Shahdadi huja kila mwaka, kocha mwenye jino la dhahabu.
Huushika mdila, akaweka dole gumba palipokwaruzwa,
akasema kwa Kiswahili ambacho tangu zamani kimepita cha uwanjani:
"Jino langu limezikwa hapa."
Kisha hucheka, na jukwaani Ghalibu
hutazama bakora yake.
Kaka yangu hajaugusa mdila huu hata siku moja.

Leo ni Barka na Saham.
Fundi wa kuchonga kauzungusha, kauzungusha tena,
ubavu umejaa, kifuniko kimejaa, mkono umejaa.
"Bi Rashda," ananiambia, "pamebaki hapa tu,"
na kidole chake kiko juu ya mkwaruzo,
ambao ndimu haikuuondoa, wala majivu.
"Niandike hapa?"

Nimemwambia asubiri filimbi.