Daftari la Novemba

Paisley, mwezi wa marehemu, mvua ya ubavuni.
Mlangoni mwa kanisa daftari liko wazi,
kalamu imefungwa uzi, kana kwamba wafu huiba.
Naandika: Anakleta Kokushubira.
Juu yake McGarrity, chini yake McGarrity,
mama katikati, kama mgeni aliyebanwa kwenye benchi.

Mwaka jana padri alilifikia jina, akakohoa,
akasema, "na wengineo."
Nilirudi nyumbani na hao wengineo,
nikawapikia ndizi. Sikula.

Jumatano Bi Una, msomaji wa zamu,
alinikuta kituoni. "Nifundishe," akasema.
Silabi tano; mabasi mawili yakatupita.
Shu, alirudia, shu, kama anayefukuza kuku,
maji yakimchuruzika kwenye miwani.

Leo amesimama mimbarini, kidole juu ya mstari:
"Anakleta Ko-ku-shu-biii-ra."
Nasi tukajibu: Raha ya milele umpe, ee Bwana.

Nje akanishika mkono. "Nimekosea wapi?"
Hakuna, nikasema.
Ile *bi* aliivuta mno,
lakini ndivyo bibi alivyoivuta
akimwita mama arudi ndani,
giza limeingia, chakula tayari.