Sekunde Kumi na Tisa

Walinipa karatasi kwenye chumba cha kubadilishia nguo,
imekunjwa mara nne, ina jasho la katibu:
Koplo Bukuru Ntahondi, beki wa kushoto, jezi namba tatu,
amefia kwenye ulinzi wa amani
ng'ambo ile ile tunayoiona kutoka Kigoma
asubuhi mvua ikishaosha anga,
milima ya Kongo imekaa juu ya maji
karibu kiasi cha kudhani ukiiita itaitika.

"Dakika moja tu, refa," katibu akasema.
Hiyo "tu" ndiyo niliyoingia nayo uwanjani.

Nikawapanga duara la kati.
Reli ya Mwanga wamefunga vitambaa vyeusi
vilivyochanwa kwenye sketi moja ya shule,
kimoja bado kina pindo;
na vijana wa Ujiji, ambao Bukuru hakuwahi kuwaonea huruma
(winga wao mmoja anachechemea mpaka leo),
nao wakainamisha vichwa.
Nikapuliza.

Kimya kilikuja vipande vipande, kama mgawo wa umeme:
jukwaa la wageni, kisha ukuta wenye watoto,
kisha muuza karanga, na sarafu ya mtu mkononi,
asijue kama chenji inaruhusiwa.
Walioendelea ni mbuzi na jenereta ya kinyozi,
na mlevi mmoja aliyeuliza, "Kafa nani?"
akajibiwa kwa kiwiko.

Nikatazama saa. Kumi. Kumi na tano.
Kipa wa Reli anaiangalia miguu yake
kana kwamba ameiazima.
Thelathini. Upande wa kushoto,
nyasi zimekwisha, udongo mwekundu mtupu,
njia yake ya kupanda na kushuka.
Arobaini. Mtu akakohoa, mwingine akamjibu,
nikaona kimya kinaanza kuvuja,
nami, kama marefa wote niliowahi kuwaona,
nikaogopa kisije kikavunjikia mkononi mwangu.
Arobaini na moja. Nikapuliza.
Makofi. Mpira.

Mapumziko, akanifuata mpaka kwenye ndoo ya maji:
Bi. Skolastika, mama yake, muuza mawese sokoni Mwanga,
vidole vyenye rangi ile isiyokubali sabuni.
Hakulia. Alikuja kudai.

"Mwalimu, napima mafuta mwaka wa ishirini na sita.
Chupa ikipungua ukucha, mteja anairudisha,
najaza. Simwambii nilikuwa na haraka.
Rozari ina shanga hamsini na tisa,
ukifika msalabani ni sitini.
Ulipopuliza, nilikuwa hapa."

Akanionyesha. Ushanga ameubana kwa kucha,
hajauachia kipindi kizima cha kwanza.

Nilikuwa na majibu: jua, ratiba, kamisaa.
Nikayanywa pamoja na maji.

Kipindi cha pili Ujiji wakafunga, kwa kichwa, goli halali.
Dakika tisini. Nikaonyesha tatu za nyongeza.
Tatu zikaisha.
Sikupuliza.

Benchi la Ujiji likasimama lote.
Kamisaa akagonga kifundo chake cha mkono, palipo na saa,
kisha akagonga tena, kwa hasira.
Ningependa kusema Reli walisawazisha.
Hawakusawazisha. Mpira uliwatoka,
ukabingirika kushoto, ukavuka chaki,
ukatulia kwenye ule udongo mwekundu,
na kijana aliyevaa tatu, mgeni wa namba,
alifika, akauinamia, akachelewa kuuokota.
Watu wanapiga kelele zote za dunia.
Mimi namtazama mwanamke mmoja jukwaani,
mkono wake ndani ya kanga, unakwenda, unakwenda,
mpaka ukasimama.

Nikapuliza.

Kamisaa ameandika kwenye ripoti:
*mwamuzi aliongeza muda bila sababu inayoeleweka.*
Nimetia saini. Hajakosea sana.
Jumatatu nilipita sokoni kununua mawese ya mia tano;
alinipimia mpaka mdomoni mwa chupa,
akafuta tone lililomwagika,
akaita mteja mwingine.