Ajenda ya Saba

Jumanne ya kwanza ya Mei, saa moja na nusu jioni,
ukumbi wa Skelbeck unanuka rangi mbichi na biskuti za mwezi jana.
Madiwani watano, wananchi wawili,
na mbwa wa Desmond Tuke aliyelalia waya wa hita.
Karani ni mimi. Huandika kilichoamuliwa,
si kilichosemwa,
sembuse kilicholiliwa.

Ya tatu: benchi la makaburini limeoza mguu.
Ya nne: nani alimruhusu Tuke kupaka lango lake zambarau?
Ya tano ilikula dakika arobaini, kinyesi cha mbwa,
na mbwa mwenyewe hakuamka.
Ya sita: zimebaki pauni mia nne na kumi na mbili,
na kila mmoja ana shimo lake la kuzifukia.

Halafu ya saba. Kona ya kanisa.
Kila mwezi ipo, kila mwezi naandika:
"Suala limeahirishwa hadi Wilaya ijibu barua."
Barua ya kwanza niliipiga chapa mwaka ule
theluji ilipobomoa paa la shule.
Paa limeezekwa, shule imekuwa nyumba ya watalii,
jibu bado liko njiani.
Labda nalo linaogopa kukata kona ile.

Noreen Raistrick anasimama.
Miaka sabini na minne, ndani ya kizibao cha manjano
kilichoshonwa kwa ajili ya mwanamume.
Tangu Machi anakaa pale ukutani, kiti cha kukunja,
chupa ya chai miguuni, mkononi kipimamwendo
tulichoazima kijiji jirani kwa sharti la kurudisha na betri.
Hajawahi kulitaja jina la Colin mezani petu.
Nasi hatulitaji. Twasema "tukio la Novemba",
twasema "yule mwendesha baiskeli",
utadhani si yeye aliyetugawia magazeti alfajiri
kwa mluzi usiojua wimbo wowote hadi mwisho.

Anafungua daftari.
"Lori la maziwa, arobaini na nne.
Gari la posta, thelathini na sita. Alinipungia mkono.
Gari la kijivu, arobaini na tisa.
Leo. Saa moja na dakika ishirini na mbili."
Anataja herufi. Anataja tarakimu.

Kalamu ikanigandia.
Nilikuwa nimechelewa, funguo za ukumbi ninazo mimi.
Manyunyu, kioo kimejaa ukungu,
wigo umetambaa hadi lami,
nikaona kitu cha manjano miibani
nikadhani ni mfuko wa plastiki.

Mwenyekiti Peel anakohoa: "Wapita njia hawa. Wageni. Hawana haya."
"Wanyang'anywe leseni," anasema Tuke.
Vichwa vyaitikia, changu kikiwa kimojawapo.
Mkuki kwa nguruwe.
Noreen hanitazami usoni. Anatazama kalamu.

"Karani, andika: suala limeahirishwa..."

Nikaandika namba ile yote.
Nikaandika arobaini na tisa, penye kibao cha thelathini.
Na kwa kuwa kumbukumbu hudai jina,
nikaandika: Bernard Ousby, karani wa baraza hili.
Nikaisoma kwa sauti ithibitishwe,
kanuni ya kumi na nne inavyotaka.

Hita ikanguruma. Mbwa akainua sikio moja.
"Wigo nao uandike," akasema Noreen.
"Kwamba kwenye kona ile humwoni mtu."
Sijui hadi leo kama alikuwa ananipa mkono
au ananikabidhi mzigo.

Pauni zikaenda kwenye wigo, kura nne kwa moja.
Peel alitaka benchi.
Mengineyo: hakuna.

Gari nililiacha uwanjani pa ukumbi.
Nikarudi kwa miguu, nikiyaelekea magari, bega likikwaruza miiba.
Kiti chake kilikuwa bado pale ukutani,
kimekunjuliwa, kimekusanya maji ya mvua
katika bonde dogo la mahali anapokalia.
Nilitaka kuyamwaga.
Nikasikia lori linakuja, nikajibana wigoni.