Herufi Moja

Saa moja kasorobo, Bombo,
foleni imeshapita ndoo ya kunawia.
Aliye mbele yangu kavaa mabuti ya mvua, na mvua hakuna.
Aliye nyuma anahesabu kitu kwa kunong'ona,
akifika thelathini anaanza upya.

Dirishani, kikombe kidogo kama kifuniko cha chupa.
Dawa. Halafu maji.
Nesi Mwanamkasi hakubali umeze ukaondoka.
"Sema jina lako," anasema,
ajue hakuna kilichobaki chini ya ulimi
kwenda kuuzwa barabara ya ishirini.
"Singano."
"Lote."
"Singano Mhina Semboja."
"Haya. Kesho."

Kati ya jina langu na sindano
ipo herufi moja tu.
Maskani, nyuma ya ghala la mkonge,
waliirekebisha siku ya pili.
Oya Sindano!
Sindano, nipige wewe, una mkono mwepesi.
Miaka tisa nikiitwa vingine sikugeuka.

Mama naye alikuwa na sindano yake:
cherehani ya miguu, nyeusi,
maua ya dhahabu yamefutika pale kiganja kinapopita.
Ndiyo iliyomsomesha dada hadi ualimu.
Nilikibeba kichwa chake alfajiri kwenye kantini ya baiskeli
nimekifunga kwa kanga yake mwenyewe.
Kilinitibu arosto siku mbili.
Moja na nusu, nisiongeze.

Si kwamba hawakujaribu.
Mjomba alinipeleka Pangani kwa mtu wa kombe;
nikanywa maandishi, nikafukizwa, nikatulia,
hata alipotoa wembe anichanje
mate yakanijaa mdomoni kwa furaha.
Mjomba aliona. Njia nzima ya kurudi hakunisemesha.

Mama alinifungia chumba cha uani siku sita,
yeye kalala upande wa pili wa mlango.
Nilimtukana matusi ambayo sijui nilijifunza wapi,
naye anajibu, "Bado kidogo, baba. Bado kidogo."
Siku ya saba nilitoka nimejaa ahadi.
Ya nane nilikuwa maskani.

Soba hausi ya Sahare, miezi minne:
maji ya baridi, ufagio, kikao,
naitwa fulani na mimi ni mraibu.
Sitaisema vibaya. Ilimfaa Nyawa,
leo anaoka mikate Mikanjuni na ana mtoto anayemwita baba.
Mimi haikunikaa.
Kuna nguo humpendeza mwenzio,
ukiivaa wewe inakubana kwapa.

Sasa barazani wanasema:
huyu kabadilisha bwana tu,
katoka kwenye unga, yuko kwenye sharubati ya serikali.
Huenda.
Ila bwana huyu hanitumi kuiba.
Anafungua asubuhi, anafunga mchana,
na kila siku ananiuliza jina.

Juzi nilimkuta mama ukumbini
anapindia suruali ya mtu kwa mkono.
Macho yamekwisha. Alinyoosha uzi na sindano
bila kuniangalia: "Nitungie."
Niliishika.
Mkono ule mwepesi ukawa mzito kama nyundo.
Mara ya kwanza uzi ulipita pembeni.
Mara ya pili niliona mshipa wa kiwiko changu ukinitazama
kama mbwa anayemjua mwenye nyumba.
Mara ya tatu ukapita.

Alipomaliza kupinda
alizihesabu sindano zake, moja moja, kwa sauti:
saba.
Akazirudisha kwenye kopo la biskuti,
kopo akalitia kabatini,
ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga.

Simlaumu.
Kesho saa moja kasorobo.
Baiskeli ina pancha, nitatembea.